Uwanja Uliobaki na Ardhi Ukapoteza Tarehe: Uchambuzi wa Kisa cha Uwanja Mdogo wa Mbio za Magari

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha uwanja mmoja mdogo wa mbio za magari ulioko kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Marekani. Jina la uwanja, la mwasisi wake, la wabia na warithi, na la walionunua hisa zao yameondolewa. Miaka na vipimo vimeachwa kama vilivyo, kwa kuwa bila hivyo mfuatano wa mambo haueleweki. Shabiki wa siku nyingi ataubaini uwanja wenyewe kabla hajafika nusu ya maelezo, na hilo halina ubaya, maana hatukusudii kumlaumu mtu. Tunawaandikia wale wanaomiliki, wanaosimamia au wanaotaka kuokoa uwanja unaoishi kwa kutegemea shindano ambalo ratiba yake imo mkononi mwa mwingine.

Usuli

Muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwasisi wa uwanja huu alikwenda kutazama mbio za magari katika jimbo jirani, akaona umati uliokuwa tayari kulipa kiingilio na kula vumbi mchana kutwa, akarudi kwao na wazo. Yeye na wabia wachache walipata shamba, wakachanga fedha na kuanza kuchimba. Fedha ziliisha kabla ardhi haijasawazishwa, au ndivyo inavyosimuliwa hadi leo, na ndiyo sababu uwanja una umbo la ajabu kidogo: upande wa mbele, penye jukwaa kuu, magari yanateremka, na upande wa nyuma yanapanda kilima. Mzunguko mzima ni maili 0.625, yaani mita elfu moja na ushei. Mbio za kwanza zilifanyika Mei 1947 juu ya udongo mwekundu; lami haikuwekwa hadi 1957.

Eneo lenyewe lilisifika kwa gongo ya mahindi, iliyopikwa vichakani na kusafirishwa usiku kwa magari yaliyoonekana ya kawaida kwa nje lakini yaliyoongezewa nguvu ya injini ili maofisa wa ushuru wasiyafikie. Baadhi ya madereva wa mwanzo wa mchezo huu walijifunza kukata kona kwenye kazi hiyo. (Mapema mwaka 2024 mafundi walipokuta uvungu mkubwa chini ya jukwaa moja, siku hiyo hiyo watu walianza kunong'ona kwamba palikuwa na mtambo wa kupikia pombe. Sifa ya mahali haifutiki kirahisi.)

Shirika la NASCAR, linaloendesha ubingwa wa mbio hizi nchini Marekani, liliundwa Februari 1948. Msimu wa kwanza wa daraja lake la juu, mwaka 1949, ulikuwa na mbio 8 tu, na ya mwisho kati ya hizo ilifanyika katika uwanja huu mwezi Oktoba. Baadaye ukawa na mbio mbili kila mwaka, moja ya majira ya kuchipua na moja ya vuli, na wakazi wakawa wanazihesabu kama wanavyohesabu sikukuu.

Tarehe ni nini

Kabla ya kuendelea ni lazima neno moja lieleweke, kwa sababu kisa chote kinalizunguka. Watu wa fani hii wanaposema uwanja una "tarehe", wana maana kwamba shirika linaloendesha ubingwa limeupa uwanja huo kibali cha kuandaa mbio ya daraja la juu katika wikendi fulani ya msimu. Kwa miongo mingi kibali hicho kilitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mikataba ya miaka mitano kati ya NASCAR na viwanja ilianza mwaka 2016. Mwenye uwanja alimiliki ardhi, lami, majukwaa na vyoo, lakini kitu kilichofanya vyote hivyo viwe na thamani hakikuwa kwenye hati yake ya ardhi. Alikuwa nacho kwa mazoea, na mazoea ya miaka 40 humfanya mtu aamini kwamba ni haki.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo katikati, barabara, vumbi na madereva vilikuwepo palepale.

Mfuatano wa matukio

Hatari ya kwanza ilipita karibu bila kuonekana. Mwaka 1971 kampuni ya sigara iliingia kuwa mdhamini mkuu wa daraja la juu, na kwa msimu wa 1972 ratiba ilipunguzwa kutoka mbio 48 hadi 31, huku mbio zisizofika maili 250 zikiondolewa. Viwanja vingi vidogo vya miji midogo vilipotea kwenye ramani ya mchezo kwa uamuzi huo mmoja. Uwanja wetu ulikuwa ukiendesha mbio za mizunguko 400, na ukizidisha 400 kwa 0.625 unapata 250 kamili. Uliponea kwenye tundu la sindano, na hakuna dalili kwamba wenyewe walilichukua tukio hilo kama onyo.

Mwaka 1979 mbio za Daytona 500, ambazo ndizo kubwa kuliko zote za NASCAR, zilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa tangu mwanzo hadi mwisho. Kuanzia hapo uzito wa mapato ulianza kuhama taratibu kutoka dirisha la tiketi kwenda kwenye haki za matangazo na wadhamini, na mdhamini anayemleta mteja wake uwanjani hataki kumkalisha kwenye benchi la saruji. Miaka ya 1980 viwanja vikubwa vilijenga vyumba vya wageni wa heshima na kuongeza maelfu ya viti. Uwanja wetu uliweka lami mpya mwaka 1981, ukaendelea na majukwaa yake ya zamani, viingilio vya bei nafuu na zawadi ambazo kwa madereva zilikuwa miongoni mwa ndogo kabisa kwenye ratiba.

Hata hivyo ulikuwa na haiba yake. Mshindi hakusherehekea pembeni mwa njia kama kwingineko: gari lake lilisukumwa kwenye lifti na kupandishwa hadi juu ya paa la jengo lililo katikati ya uwanja, likiwa bado limepakaa masizi ya mpira na harufu ya breki, na watu wa jukwaa zima wakamwona dereva akitoka dirishani kana kwamba yuko kwenye roshani ya nyumba yake.

Mwasisi alifariki mwaka 1995. Kwa wakati huo umiliki ulikuwa umegawanyika nusu kwa nusu kati ya familia yake na familia ya mbia wake. Ndani ya wiki chache familia ya mbia iliuza nusu yake kwa tajiri mmoja wa viwanja, ambaye kampuni yake ilikuwa imeingia kwenye soko la hisa la New York mwaka huo huo na alikuwa akijenga uwanja mkubwa mpya katika jimbo lingine. Familia ya mwasisi, ambayo haikutaka kumuuzia mtu huyo, ilikaa miezi michache na mbia mpya isiyemtaka, kisha mwanzoni mwa 1996 ikauza nusu yake kwa mmiliki wa uwanja mwingine, kaskazini mwa nchi.

Kila mnunuzi alikuwa na nusu ya uwanja na tarehe moja kati ya mbili. Mbio ya mwisho ilifanyika Septemba 1996. Msimu wa 1997 tarehe moja ilionekana kwenye ratiba ya uwanja mpya wa mnunuzi wa kwanza, na ya pili kwenye uwanja wa mnunuzi wa pili. Uwanja wetu ulifungwa.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Wanunuzi wawili waliendelea kumiliki nusu nusu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutumia fedha kuendeleza mali ambayo nusu ya faida yake ingekwenda kwa mshindani. Rangi ilibabuka, paa zikatoboka, miche ya misonobari ikaota kwenye nyufa na kati ya ngazi za majukwaa. Mwaka 2005 mashabiki waliunda kikundi cha kudai uwanja ufufuliwe. Mnunuzi wa kwanza alipoununua uwanja wa kaskazini, mwanzoni mwa 2008, nusu ya pili ya uwanja wetu ilikuja pamoja nao, na kwa mara ya kwanza tangu 1995 mali ikawa na mwenyewe mmoja mwenye sauti. Mwaka 2010 kampuni ndogo iliukodi na kuandaa mbio za madaraja ya chini, lakini kufikia 2011 malango yalikuwa yamefungwa tena.

Mwelekeo ulibadilika kutokana na jambo ambalo mtu asingelitarajia. Desemba 2019 dereva mstaafu mwenye jina kubwa alikusanya watu wa kujitolea, wakafyeka magugu na kuzoa takataka ili kampuni inayotengeneza mchezo wa mbio wa kompyuta iweze kuupima uwanja kwa leza. Lengo lilikuwa kuuhifadhi kwenye kompyuta kabla haujaoza kabisa. Mwaka 2020, wakati watu wengi walikuwa wamefungiwa nyumbani, waliweza kuendesha gari kwenye uwanja huo kupitia skrini. Novemba 2021 bajeti ya jimbo ilitenga dola milioni 18 kwa ajili ya uwanja, kutoka fedha za serikali kuu za kujikwamua baada ya janga la korona. Agosti 2022 magari ya madaraja ya chini yalishindana kwa wiki kadhaa kwenye lami ile ile ya 1981, na yule dereva mstaafu mwenyewe aliposhiriki siku ya mwisho ya mwezi majukwaa yalifurika. Mei 2023 daraja la juu la NASCAR lilirudi, kwa mbio ya nyota wote, ambayo zawadi yake ni dola milioni moja na haina pointi za ubingwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa mwasisi mwenyewe: kutowatoza watazamaji bei kubwa, kuridhika na faida ya kadiri na kutokopa fedha za kujenga. Kwa macho ya leo unaonekana kama uzembe, lakini kwa wakati wake ulikuwa na mantiki. Uwanja haukuwa na deni, wateja wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda na wakulima wa jirani, na kupandisha bei kungewafukuza watu waliojaza majukwaa tangu siku ya kwanza. Alichokikosa ni kutambua kwamba mteja wake mkuu alikuwa anabadilika, kwamba aliyeamua hatima ya uwanja hakuwa tena mtu anayenunua tiketi.

Uamuzi wa pili ni wa familia ya mbia kuuza. Ni vigumu kuulaani. Kizazi cha pili cha wabia kilirithi nusu ya biashara ambayo hakikuiendesha, yenye faida ndogo, iliyohitaji mtaji mkubwa ili iende na wakati, na mbele yake akasimama mnunuzi mwenye fedha taslimu. Mirathi huamua mambo ya namna hii kuliko mapenzi ya mchezo.

Uamuzi wa tatu, wa familia ya mwasisi kumuuzia mtu mwingine badala ya yule wa kwanza, ulikuwa wa heshima kwa marehemu. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko kama wote wangemuuzia mtu mmoja, kwa kuwa uliigawa mali mikononi mwa washindani wawili ambao kila mmoja alikuwa na uwezo wa kumzuia mwenzake na hakuna aliyeweza kufanya lolote peke yake.

Wanunuzi wenyewe walifanya hesabu rahisi. Uwanja mpya wenye makumi ya maelfu ya viti usingekuwa na maana bila tarehe, na njia ya haraka ya kuipata ilikuwa kuinunua ikiwa imefungwa ndani ya uwanja mdogo, kisha kuifungua na kuihamisha.

Matokeo

Uwanja ulikaa misimu 26 bila mbio ya daraja la juu. Baada ya kurudi, uliandaa mbio ya nyota wote mwaka 2023, 2024 na 2025, na ratiba ya msimu wa 2026 imeupa mbio ya pointi, ya kwanza tangu 1996. Miundombinu imefanywa upya, zikiwemo kuta za kisasa zinazofyonza mshtuko gari linapogonga, huku mabango yaliyofifia ya enzi ya sigara yakiachwa kwa makusudi.

Lami ndiyo iliyokuwa na mjadala mrefu. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuing'oa baada ya Agosti 2022 na kukimbiza magari juu ya udongo, kama ilivyokuwa 1947. Mpango huo ukaachwa, kwa sababu kadhaa zinazoingia akilini: lami iliyochakaa hukwangua matairi, na matairi yakiisha haraka dereva mwenye subira hupata nafasi ya kumpita mwenye pupa. Mbio ya 2023 ikafanyika juu ya lami yenye umri wa miaka 42. Wengi walisubiri tamasha. Dereva mmoja akaongoza mizunguko 145 kati ya 200. Baadaye mwaka huo iling'olewa na kuwekwa mpya, kwa kuwa ilikuwa imefika mwisho wa uhai wake.

Uchambuzi

*Kilichoshindikana.* Kosa la msingi, kwa maoni yangu, lilikuwa la karatasi. Watu hupenda kusema uwanja uliuawa na majukwaa mabovu au na mji mdogo, na mambo hayo yaliudhoofisha kweli. Lakini siku mwasisi anafariki, uwanja ulikuwa bado na mbio mbili kwa mwaka na watu wanakuja. Ulikosa mkataba kati ya wabia unaosema kwamba upande mmoja ukitaka kuuza, upande wa pili upewe nafasi ya kwanza kununua, kwa bei itakayopatikana kwa njia iliyokubaliwa mapema, na muda wa kutafuta fedha. Kifungu kama hicho kingeandikwa katika miaka ya 1970, wabia wakiwa hai na wakielewana, kisingegharimu kitu. Mwaka 1995 hapakuwa tena na mtu wa kukiandika. Mgawanyo wa nusu kwa nusu, bila mwenye kura ya ziada, ni mzuri pale wabia wanapokunywa kahawa pamoja, na ni mtego wakishaingia warithi.

Kosa la pili ni la kutoisoma 1972. Uwanja ulinusurika kwa sababu ya hesabu ya mizunguko, na ulipaswa kujua kwamba anayeweza kuweka kigezo cha maili 250 anaweza kesho kuweka kigezo cha viti au cha ukubwa wa soko la televisheni. Miaka 23 ilipita kati ya onyo hilo na kifo cha mwasisi. Sidhani kwamba ungeweza kushindana na viwanja vikubwa kwa kujenga, ungefilisika. Ungeweza, hata hivyo, kujenga mapato yasiyotegemea tarehe zile mbili: mbio za kila wiki za madereva wa eneo, shule ya udereva, majaribio ya magari. Uwanja uliotegemea wikendi mbili tu kati ya 52 ulikuwa hauna pa kushika wikendi hizo zilipoondoka.

Kukodishwa kwa 2010 kulishindwa kwa sababu inayofanana. Mpangaji alibeba gharama zote za kufufua mali iliyochakaa huku mwenye mali akibaki na thamani yote ya ufufuo huo, na fedha zake hazikutosha kuvuka misimu ya mwanzo.

*Kilichofaa.* Hapa lipo jambo moja linalopingana na busara ya kawaida. Uwanja uliokolewa na kuwa mbali na miji. Ardhi yake haikuwa na mnunuzi wa haraka, kwa hiyo hakuna aliyeona faida ya kuuvunja. Linganisha na Riverside, California, uliofunguliwa 1957 na kufungwa 1989 ili sehemu yake ijengwe kituo cha maduka. Au Ontario, jimbo hilohilo, uliofunguliwa 1970 kwa gharama kubwa na kufungwa 1980, ardhi yake ikiwa imekuwa na thamani kuliko mbio. Mfano ulio wazi zaidi ni wa uwanja wa Fontana, nao wa California, uliofunguliwa 1997, msimu uleule ambao uwanja wetu ulitoweka kwenye ratiba. Ulikuwa na kila kitu ambacho uwanja wetu haukuwa nacho: ukubwa, viti, soko la jiji kubwa. Mbio yake ya mwisho ya daraja la juu ilifanyika Februari 2023, sehemu kubwa ya ardhi ikauzwa, na miezi mitatu baadaye magari yakawa yanateremka tena mbele ya jukwaa kuu la uwanja wetu. Mji mdogo uliouondolea tarehe ndio uliouhifadhia ardhi.

Usafishaji wa 2019 nao unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo na athari yake kubwa. Kikundi cha mashabiki kilikuwa kimedai ufufuo kwa miaka mingi kikiomba kitu kikubwa: fedha, mbio, mnunuzi. Dereva mstaafu aliomba kitu kidogo, siku za kufyeka magugu, ambacho mwenye mali hakuwa na sababu ya kukikataa. Picha za uwanja ukiwa safi ziliwafikia watu ambao kwa miaka 20 walikuwa wanaona picha za magofu, na mazungumzo na wanasiasa wa jimbo yakawa na kitu cha kuonyesha.

*Yanayobaki na utata.* Fedha za umma ziliboresha mali ya kampuni binafsi, tena kampuni ileile iliyohamisha moja ya tarehe zake mbili mwaka 1997. Watetezi wanaonyesha hoteli na migahawa inayojaa wiki ya mbio. Hoja hiyo ina uzito, ingawa wiki ya mbio ni moja. Kama jimbo lingeambatanisha fedha zake na sharti kwamba uwanja utumike kwa idadi fulani ya siku kwa mwaka, au kwamba sehemu ya fedha irudishwe endapo tarehe itahamishwa tena, wakazi wangekuwa na kitu cha kushika ambacho waasisi hawakuwa nacho.

Na suala la tarehe lenyewe halijaisha. Mbio ya pointi ya 2026 ina mahali ilikotoka: ratiba hiyohiyo imehamishia mbio ya nyota wote Dover, uwanja unaomilikiwa na kampuni hiyohiyo, na Dover, uliokuwa na mbio za pointi kila mwaka tangu 1969, msimu huo hauna hata moja.